Salamu Ambazo Mzungu Hakuziandika

Admin, ficha jina langu na la kikundi pia, maana huku Mollo hata wazee wanasomewa huu ukurasa na wajukuu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na mmoja. Ni katibu wa kikundi cha wakulima wa maharage. Tangu biashara ya mazao iachiwe huru, madalali walitusumbua sana mpaka tukampata mnunuzi mmoja mzungu, yuko Ulaya. Anatuandikia kwa barua pepe. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua Kiingereza kidogo, naenda mjini, Majengo, kwenye duka la intaneti, nachapisha karatasi, nawasomea wazee kikaoni kwa Kiswahili.

Shida ilianza barua ya kwanza. Yule mtu hasalimii jamani. Jina langu, halafu "Nahitaji sampuli kabla ya Ijumaa," halafu herufi moja ya jina lake, basi. Nilidhani tumemkosea. Nilipoisoma, mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu kama baba, akaniuliza: "Mwanangu, salamu ziko wapi?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Mtu mzima hawezi kuanza na shida yake kabla hajauliza watu wameamkaje. Hapo umeruka mahali." Wengine wakaanza kunong'onezana kwa Kifipa kwamba nimeelewana na mzungu pembeni. Iliniuma. Nilifika nyumbani nikalia.

Barua ya pili, Mungu anisamehe, salamu nilizitunga mwenyewe. Nikasoma kwamba anawasalimu wazee wote na anauliza mvua za huku zinaendaje. Mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Huyu sasa ni mtu." Basi nikanogewa. Kila barua naongeza kidogo. Siku moja nimemaliza kusoma, wamekaa wanasubiri niendelee, nikajikuta nasema anaomba tumwombee mama yake, mguu unamsumbua. Sijui nilitoa wapi maneno yale. Na wazee wakinipa salamu za kumrudishia nazikata, namwandikia habari za maharage tu, kwa kuwa nimeona ndivyo anavyopenda.

Mwezi uliopita nilikwenda Mpanda kumuuguza dada yangu. Mwenyekiti akamwomba mwalimu mmoja mstaafu, si mwanachama wetu, aandike kwa niaba yangu. Narudi, nakuta barua imeshakwenda: salamu nusu ukurasa, pole ya mguu wa mama, na kwamba ameombewa kwenye misa ya Jumapili. Nilipofungua majibu, yameandikwa kwangu peke yangu: "Nani aliwaambia habari za mama yangu? Nakuja Alhamisi, tutaongea." Hakuna kingine.

Nimeisoma mpaka macho yanauma. Kwetu mtu akikuandikia hivi ujue amekasirika, lakini huyu huandika hivyo hivyo hata akishukuru. Mama yake yuko hai kweli? Au anaumwa, na sasa anadhani tunamchunguza? Sijui hata nianzie wapi kumjibu. Mwalimu naye simwelewi. Jana kaja kuniomba karatasi zote za nyuma, eti ajifunze mtindo wa kuandika. Mtindo gani, wakati zile barua zina mistari miwili? Nilimwambia zimelowa mvua. Alicheka kidogo, akaondoka bila kuaga vizuri.

Nikiwaambia wazee ukweli, watasema walichonishuku siku ya kwanza kilikuwa sahihi, na hakuna atakayeniamini tena kumsomea hata barua ya mtoto wake. Mzungu naye akijua nilimzulia mama ugonjwa, ataondoka, turudi kwa madalali. Nikinyamaza ndiyo balaa zaidi. Mwenyekiti ameshatenga kuku ambaye mgeni atampelekea mama yake mgonjwa, na Alhamisi atasimama mbele ya wanachama wote amuulize mguu wa mama unaendeleaje. Wa kumtafsiria ni mimi.

Ndugu zangu, leo ni Jumatatu. Nishaurini, nitafsiri nini?