Marahaba ya Magoma

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakinigusa kidevu. Darasa likaisha, njaa ya kutaka kujua mambo ikabaki, na hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye podikasti.

Kazi yangu ni karoti. Nalima, nang'oa, naosha mtoni kabla lori la Dar halijaja kupakia. Maji ya mito yetu huku Lushoto yana baridi ya kutisha. Naamini kabisa kuna vidole vyangu viliwahi kuondoka vikaenda kuota moto, vikarudi bila kuniaga. Kazi ya namna hiyo inataka sauti ya mtu sikioni. Simu naifunga kwenye mfuko wa nailoni, naipachika mfuko wa shati, na huku nasugua karoti nasomeshwa habari za nyota, figo, nyuki na wafalme waliokufa zamani.

"Profesa wa karoti," wenzangu hunichokoza, "leo umefundishwa nini?"

"Leo nimefundishwa kwamba pweza ana mioyo mitatu."

"Mitatu ya nini jamani? Mimi huu mmoja tu unanimaliza."

Basi tunacheka mpaka karoti zinasafishika zenyewe.

Lakini podikasti ninayotaka kuieleza hapa sikuitafuta kwa ajili yangu. Nilimtafutia mama.

Mama alikuwa na dada yake Vuga, aliyemzidi umri kiasi cha kumbeba mgongoni. Kila asubuhi mama alikuwa akiniita nimpigie. Akishika simu kwa mikono miwili anasema, "Shikamoo dada," na kule Vuga sauti inaitikia, "Marahaba, mtoto." Mama yangu, mwenye wajukuu wenye ndevu, alikuwa bado mtoto wa mtu. Baada ya hapo hawakuwa na la maana la kuongea. Mvua imenyesha, mvua haijanyesha. Simu inakatwa, mama anaendelea na siku yake akiwa amenyooka mgongo.

Mvua za masika zikaondoka na yule dada.

Tulipotoka Vuga kuzika, mama alikaa barazani na ungo wake wa maharage akawa anapukuchua. Chakula anaonja tu. Nilidhani ni msiba wa kawaida, utapoa. Siku moja jirani akapita na watoto wake, wakamwamkia wote kwa pamoja, shikamoo nyingi kama mvua ya mawe. Mama akaziitikia zote. Walipopita akaniambia, bila kuniangalia, "Umeona? Kitongoji kizima, hakuna aliyebaki wa mimi kumwamkia."

Nikahesabu kichwani wazee wote, mlima mpaka mlima. Kweli. Waliomzidi walikuwa wamelala makaburini.

Sikuwa na dawa ya hilo. Nilikuwa na podikasti tu. Nikawa napanda kilimani penye mtandao, napakua vipindi, nashuka navyo kama mtu aliyetoka sokoni, namwekea spika pale kwenye ungo. Nikaanza na vya afya. Mama akagombana na daktari mpaka mwisho. Nikaleta vya vichekesho. "Hawa wanacheka nini? Hawana kazi kwao?" Nikaleta msomi mmoja mwenye sauti nzito, mimi mwenyewe nampenda, akaanza na "Habari zenu wasikilizaji."

"Amelelewa wapi huyu?" mama akauliza. "Anaingia kwa watu hajui kuna nani, anasema habari zenu?"

"Mama, huyu hatuoni."

"Ndiyo maana angetanguliza adabu."

Nikamzima msomi wangu.

Kisha nikapata kipindi cha vijana wanaozunguka vijijini kurekodi wazee wakieleza kilimo cha zamani. Safari hiyo walikuwa wameshuka bondeni Magoma, kwa bibi mmoja ambaye hata yeye hajui miaka yake. Binti anayehoji akasema, "Shikamoo bibi." Kikohozi. Kiti kikalia. Halafu sauti kavu, yenye lafudhi yetu kabisa ya Kishambaa, ikasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mikono ya mama ikasimama ndani ya maharage.

"Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii, yule binti anafungua kinywa, mama kashamtangulia: "Shikamoo dada!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, dada," mama akasema, akavuta ungo, akaendelea kupukuchua. Jioni ile alikula bada, ugali wetu wa muhogo, sahani nzima. Ningesema alikula na sahani, lakini sahani ipo.

Ikawa ndiyo asubuhi yetu. Anaamka, ananawa, anajifunga kanga vizuri, ndipo namwekea. Akishaamkia na kuitikiwa anasikiliza kipindi chote, ingawa alishakijua kwa moyo: jinsi bibi yule alivyokuwa akianika muhogo, jinsi alivyokuwa akipanda mlima na nazi kichwani kuja kubadilisha na maharage. "Kweli kabisa, dada," mama anadakia. "Nawakumbuka wale wa nazi." Huenda alikuwa mmoja wao.

Siku moja akaniambia, "Magoma si Ulaya. Ni hapo chini tu. Nipeleke nikamwamkie uso kwa uso."

Jamani, maandalizi hayo! Harusi zimefungwa Lushoto hii kwa maandalizi madogo kuliko yale. Mapeasi yaliyochaguliwa moja moja. Maharage aliyoyapukuchua mwenyewe, yenye kasoro yote nje. Kanga mpya, imekunjwa. Akawa anafanya mazoezi ya kupiga magoti, akishika nguzo ya baraza, maana magoti yenyewe yalishagoma kitambo.

Nikawaandikia wale vijana habari za mama, nikauliza nyumba ya bibi. Jibu lilinikuta mtoni. Binti aliandika kwa upole sana: bibi alifariki siku chache tu baada ya mazungumzo yale, kabla hawajakitoa kipindi. Binti akamuomba mama yangu awasamehe kwa kutolitaja hilo kwenye kipindi.

Mimi ambaye naongea mpaka mto unaomba nafasi, nilisimama mle majini na karoti zikanipita zikaenda zake.

Nilimkuta mama amekaa karibu na kapu la zawadi za safari.

"Wamesema twende lini?"

"Mama, bibi amefariki."

Akalisogeza kapu kidogo kando. "Lini?"

"Zamani. Kabla hatujamsikia."

Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukaingia uani kama kawaida yake.

"Basi siku zote hizi nimekuwa nikimwamkia marehemu."

"Ulimwamkia mkubwa wako, mama."

"Na alikuwa anaitikia," akasema. "Usiwashe tena hiyo simu. Tandika mkeka ndani."

Akakaa matanga. Majirani waliposikia mkeka umetandikwa wakaja, mmoja akamwinamia: "Pole mama yetu. Tumepotelewa na nani?"

"Dada yangu wa Magoma."

"Wa Magoma? Mbona hukuwahi kumtaja?"

"Tulichelewa kujuana."

Hakuna aliyecheka. Walisoma dua, na maharage ya safari tukawapikia hao hao waliokuja. Kanga akampa yule aliyeuliza.

Matanga yalipoanuliwa mama akarudi barazani. Nikatoka asubuhi, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akageuza uso kuelekea nilipozoea kuiweka simu, akapatazama mahali pale patupu, kisha akauvuta ungo.

"Nimebaki wa kuitikia tu," akasema.

Nilikwenda jikoni nikachukua ungo wa pili, nikakaa pembeni yake, tukapukuchua. Siku ile karoti zilibaki shambani, na simu ilikaa mfukoni imezimwa.