Kipande Kilichoachwa Wazi

Asubuhi za bustani yetu pale Minjila huzikumbuka kama ndoto. Ukungu umelala juu ya mto, udongo wa mafuriko bado una ubaridi, na sisi wanawake tunapita na majembe begani, nusu tumeamka. Maji yalipozoa mashamba yetu, tuliamua kulima pamoja eneo moja. Mimi Mpokomo, jirani yangu bibi wa Kigiriama, wenzetu wengine, na mama mmoja Muorma, wa jamii ya wafugaji, ambaye hajawahi kushika jembe maishani.

Jembe lilimkataa. Alilishika kama fimbo ya kuchungia, tukacheka mpaka tukakaa chini. Naye akacheka, kisha akatumiminia chai yenye maziwa mengi.

Kilichonikera ni kipande chake. Aliomba kile kirefu, kinachotoka kwenye ua wa miba mpaka ukingoni mwa mto, halafu akapanda kunde pembeni tu, huku na huku. Katikati akaacha wazi, nyasi zikiota. Udongo mweusi namna ile! Mimi ni mtu wa kutamani ardhi, sifichi. Kila nikipita niliuona mchicha wangu umesimama pale.

"Mama, hapa umepanda hewa?" nilimuuliza.

"Napumzisha," alisema.

Kanuni yetu ilikuwa moja: asiyelima hunyang'anywa. Tulikaa tukakubaliana kwamba mvua zikianza, kipande chake atapewa mwingine. Bibi ndiye aliyemwambia. Yule mama alikaza ushungi wake akaendelea kung'oa magugu kwenye kunde.

Kiangazi kikatangulia. Asubuhi moja tulisikia kengele za ng'ombe ndani ya vumbi. Kwetu huku, ng'ombe kuingia shambani kumewahi kuzusha vita na kuzika watu. Bibi alishika jembe lake kwa mikono miwili.

Yule mama alikwenda uani, akaivuta miba kando. Ng'ombe wakaingia. Waliteremka mmoja nyuma ya mwingine katikati ya kile kipande kitupu, pembe zikielea juu ya vumbi, naye mbele yao akiwaimbia taratibu mpaka majini. Hawakugusa hata jani la kunde. Nilisimama kwenye mchicha wangu, sina hakika kama nimeamka.

"Hii malka," alituambia wakati wanakunywa. "Njia yao ya maji, tangu zamani ya babu. Mafuriko ilifunika."

"Mbona hukusema, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Ningesema, mngeniweka kwa bustani?"

Tungemkataa, na sote tulijua. Yeye peke yake alikuwa amelipia njia ile kwa kipande chake, huku sisi tukimwita mvivu.

Mvua zilipokaribia tuligawa upya. Njia ikabaki pale pale, lakini sasa ikawa ya bustani nzima. Kila mmoja wetu akasogea kidogo, naye akapata kipande kamili kando ya changu. Siku ya kupanda alisimama na jembe muda mrefu, akiutazama udongo wake wote. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Naanzia wapi?"

Nikamwambia, "Anzia katikati."