Sakafu ya Chumba cha Mama

Nilipokuwa mtoto, hata mtundu kuliko wote kati yetu hakuthubutu kutembea kinyumenyume. Bibi, mama yake baba, alituonya mapema. Siku hiyo mimi na dada yangu Ester tulikuwa tukicheza kwenye njia ya shambani, tunarudi nyuma huku tumefumba macho, tuone nani ataanguka kwanza. Bibi alitua kikapu chake, akatutazama, akasema bila ukali wowote, "Mtoto mwenye mama hatembei hivyo. Anamchimbia mama yake kaburi." Akajitwika kikapu akaenda zake. Hakulisema tena, na hakuhitaji kulisema tena.

Sisi tulikaa Chang'ombe, chumba na sebule, lakini kila Ijumaa jioni tulikwenda kwa bibi, mbele ya Miyuji. Wakati huo Miyuji yenyewe ilikuwa mashamba. Baba alikuwa seremala mjini, na Jumamosi zake zote ziliishia pale kwa mama yake. Wiki hii anaziba paa la tembe linalovuja, wiki ijayo anainua ghala la mtama lililoanza kulala upande. Sisi tulimshikia misumari, na zaidi tulikula. Mwezi wa tano ndio ulikuwa mtamu kuliko yote. Mvua zimekwisha, upepo umeanza kuwa na baridi, karanga mbichi zinachemka kwenye sufuria kubwa, na mabua matamu ya mtama tunayatafuna mpaka midomo inachanika. Hadi leo, nikisikia harufu ya karanga mbichi zikichemka, kwangu mimi ni Jumamosi, hata kama ni Jumatatu.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, mama alipasuliwa tumbo hospitalini. Hatukuambiwa ni ugonjwa gani. Tuliambiwa tuombe. Baba alituacha kwa bibi, akawa anakuja kila baada ya siku mbili kwa baiskeli, nasi tukajifunza kumsoma usoni kabla hajashuka. Mara tatu mfululizo uso wake ulikuwa ule ule, na sisi hatukuuliza kitu.

Jumamosi moja asubuhi bibi akasema, "Leo tunasiriba chumba cha mama yenu. Akirudi atafikia hapa, alale mahali safi."

Nilishika lile neno, akirudi. Nililishika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

Tulichanganya udongo wa kichuguu na majivu na mavi mabichi ya ng'ombe. Ester, aliyenizidi miaka miwili, alipewa kazi ya kuchota maji. Mimi nilipewa sakafu, na nilijiona mkubwa sana. Bibi alinionyesha kwa kiganja chake. "Anzia ukuta ule wa mbali. Mkono uzunguke hivi. Usiache mabonde, mama yako asije akajikwaa." Kisha akaenda kwa jirani kuomba mavi zaidi.

Aliyewahi kusiriba anajua kwamba kazi ile haiendi mbele. Ukienda mbele utakanyaga ulichosiriba. Unachuchumaa, unapaka udongo mbele yako, unarudi nyuma hatua moja, unapaka tena, mpaka utokee mlangoni. Nilifika katikati ya chumba, nikiwa nimeridhika na mkono wangu, Ester alipotokea na ndoo.

"Damari! Unatembeaje wewe?"

"Sitembei. Nasiriba."

"Unarudi nyuma!" Akacheka. "Haya, chimba. Mchimbie mama vizuri!"

"Bibi ndiye kanituma."

"Bibi huyo huyo ndiye aliyekataza!"

Alikuwa ananitania, kama siku zote. Lakini nadhani masikio yake yaliyasikia maneno yale baada ya mdomo kuyasema. Aliiachia ndoo, maji yakamwagika kizingitini, akakimbilia nyuma ya nyumba akilia.

Nilibaki peke yangu, udongo mbichi mbele yangu na udongo mkavu nyuma yangu. Sikulia. Nilipiga hesabu. Kama nilikuwa nimerudi nyuma hatua kadhaa, ilinipasa kwenda mbele hatua zile zile, ndipo mambo yakae sawa. Kwa hiyo nilisimama, nikatembea mbele juu ya kazi yangu mwenyewe, nyayo zikizama, mpaka paji langu la uso likagusa ukuta. Hapo nikakwama. Sikujua kama hatua zimetimia. Na kama hazikutimia, sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Bibi alinikuta hivyo hivyo, nimeegemea ukuta.

"Nani kapita kwenye sakafu yangu kama mbuzi?" aliuliza kutoka mlangoni. Kisha akaniona. "Damari, toka huko."

"Sitoki, bibi."

"Unafanya nini ukutani?"

"Narudisha hatua. Nilirudi nyuma nyingi, sikuzihesabu. Zikipungua, mama atakufa."

Bibi alishika mwimo wa mlango. Nimefikiri mara nyingi ni nini ambacho angeweza kusema. Alikuwa mama wa kanisa, Jumapili alifika kabla ya kengele. Angeweza kuniambia kwamba yale ni maneno ya watu tu, kwamba Mungu hamwui mama wa mtoto kwa sababu ya sakafu. Naamini alilitafuta neno hilo. Lakini mkwewe alikuwa amelala hospitalini na tumbo limeshonwa, na nadhani yeye naye siku ile hakuthubutu.

Alivua kandambili, akaingia juu ya udongo mbichi, akanishika mkono. "Hatua zako zimetimia. Hata zimezidi, nimeziona. Kosa ni langu, nilikupa kazi isiyo yako. Wewe una mama. Mimi wangu nilimzika baba yako hajazaliwa, kwa hiyo mimi narudi nyuma nitakavyo."

Tulitoka pamoja, nyuso zimeelekea mlangoni. Kisha akaingia tena peke yake, mwanamke ambaye magoti yake yalilia kila alipoinuka, akasiriba chumba kizima upya. Alianzia ukuta wa mbali akarudi nyuma, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Mimi nilikaa nje nikimwangalia mgongo unavyonikaribia. Niliona raha tu. Niliona nimeokoka.

Alasiri baba alikuja. Hata kabla hajashuka kwenye baiskeli alipaza sauti, "Mama yenu leo kanywa uji! Kauliza nani anawalisha kuku wake!" Bibi aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yakiwa mekundu alisema ni moshi.

Baada ya wiki mbili mama alirudi kwa gari la kuazima. Alisimama uani akiwa mwembamba kama ufito, akaita, "Mbukwenyi!", ile salamu yetu, kana kwamba ni mgeni aliyepita njia. Alipoingia chumbani aliona nyayo zangu. Zilikuwa zimeanza kukauka bibi alipopaka juu yake, kwa hiyo karibu na ukuta zilibaki kama vivuli. Akauliza ni nani. Ester akasimulia yote, pamoja na ndoo. Mama alicheka akiwa ameshika tumbo. "Jamani msinichekeshe, nyuzi zitakatika."

Aliishi. Aliona harusi yangu, tukamzika pamoja mume wangu, akawabeba wajukuu zangu. Mimi najua siku za mtu ziko mkononi mwa Mungu, nimewaambia hivyo wafiwa wengi, na nilimaanisha. Lakini sikuwahi tena kutembea kinyumenyume. Nyumbani kwangu Miyuji niliweka saruji mapema. Kule shambani kwa bibi, alikohamia uzeeni, mama alikataa katakata saruji chumbani kwake. "Ni baridi, inapanda magotini," alisema. Basi kila mwaka nilimwomba jirani mmoja mjane aje amsiribie, mwanamke aliyekwisha kumzika mama yake. Sikuwahi kueleza sababu. Mama alijua. "Damari bado anahesabu zile hatua," alimwambia jirani, na wote wawili wakanicheka.

Mama alitutoka mwaka huu, kabla ya Pasaka, kitandani mwake, katika chumba kile.

Mwishoni mwa mwezi wa tano tulipanga ndugu wote wakutane shambani kumaliza msiba. Jumamosi moja kabla yake tulikwenda kuandaa. Mwanangu wa kiume alipanda juu kugongomea bati lililoinuliwa na upepo. Binti yangu Tabitha, ambaye ana ofisi yake kule Mtumba na kucha zilizopakwa rangi, aliweka karanga jikoni. Nilipoanza kukanda udongo, alikuja akakunja mikono ya gauni.

"Mama, niachie mimi. Magoti yako hayo. Nielekeze tu."

"Hapana. Wewe nishikie ndoo mlangoni."

"Kwani nitakosea nini?"

"Hutakosea kitu. Wewe una mama."

Alicheka kwanza. Kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Nilianzia ukuta wa mbali. Nilipaka, nikarudi nyuma hatua moja, nikasubiri ile hofu niliyoizoea tangu nina miaka tisa. Haikuja. Nilirudi hatua ya pili, haikuja. Nimesimama kaburini, nimepokea pole za watu wengi, lakini ni pale, nimechuchumaa na udongo viganjani, ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza kama mtoto wa mtu. Na nikamkumbuka bibi na mgongo wake. Siku ile nilisikia tu kwamba ameniokoa. Sikusikia kwamba alikuwa ananiambia hana mama.

Niliendelea, kwa sababu udongo hausubiri. Nilirudi nyuma polepole bila kuhesabu, Tabitha akiisogeza ndoo kila nilipomfikia karibu, harufu ya karanga ikiingia kutoka jikoni. Kisigino changu kilipogusa kizingiti, aliweka mkono wake mgongoni mwangu nisianguke.