Akida, kuku wangu na miche 713

Jamani, leo nimenusurika viboko kwa kujumlisha tu!

Boma la Songea, makao ya wakoloni, lilitaka miche ya pamba isiyopungua 720 kwenye shamba langu hapa Matogoro. Akida, mtumishi wao, akaja kuhesabu. Kila mche, anatupia punje moja ya mahindi kikapuni.

"713," akatangaza. "Imepungua saba. Viboko saba."

Nikamuuliza, "Bwana Akida, idadi ya mistari ni sawa na idadi ya miche katika kila mstari?"

"Sawa. Nimekagua mwenyewe."

"Basi 713 haiwezekani."

(Mke wangu ananivuta shuka ninyamaze. Ninyamaze wapi!)

Mchezo huu nimeujua tangu shule ya misheni. Zidisha namba nzima yoyote kwa yenyewe, kisha jumlisha tarakimu za jibu mpaka ibaki tarakimu moja. Utapata 1, 4, 7 au 9. Hiyo 713 yake inatoa 2.

Akahesabu upya kwa mdomo, kanuna.

729.

Ndipo tukamwona kuku wangu, ambaye Akida alininyang'anya asubuhi akamfunga kando ya kikapu. Anadonoa punje, hana habari.

Mnaobisha, nileteeni namba nzima moja tu ambayo ikizidishwa kwa yenyewe itatoa 2. Mkiipata, vile viboko saba nichapeni nyinyi.