Bega la Mwalimu wa Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga nilifika mapema mno, nikakuta chumba cha fiziotherapia kimefungwa. Nikaanza kuwaza: labda nimekosea jengo, labda ajira yangu imefutwa. Mfawidhi wa kitengo, mama aliyebakiza miaka miwili astaafu, alinikuta nikiisoma barua ya ajira kwa mara ya sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka Mbeya na kisweta hicho? Upepo wa huku utakukausha. Ingia tuchemshe chai."

Mgonjwa aliyenifundisha kazi alikuja wiki ya tatu. Aliitwa Felista, mwalimu wa kwaya kutoka kijiji cha Mwazye. Bega lake la kulia lilikuwa limechomoka mara nne, mara ya mwisho katikati ya misa, mkono ukiwa juu. Daktari wa mifupa alilirudisha, akashauri mazoezi kabla ya kufikiria upasuaji. Felista alikuwa na swali moja tu: "Pasaka nitaimbisha?"

Badala ya kumjibu, nilimweleza kila nilichokisoma. Kwamba kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko, na mfuko huo umeimarishwa kwa kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Vyote ni tishu unganishi, nyuzi imara za kolajeni. Bega likichomoka tena na tena, nyuzi huvutika, nyingine hukatika, na zinazoota kuziba pengo hujipanga ovyo. Mfuko hubaki mpana, kama gunia lililokwisha kulegea shingo. Kisha nikamvalisha kitambaa cha kuning'iniza mkono, nikamkataza kukivua kabisa.

"Sawa, daktari," alisema.

Alirudi baada ya siku kumi, kitambaa kimekunjwa ndani ya pochi, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Mbona hujakivaa?"

"Navaa. Navua tu nikikutana na mtu mzima."

"Unavua?"

"Daktari, mama mkwe nimsalimie kwa mkono mmoja? Atasema mjini nimejifunza dharau."

Kwao mkubwa husalimiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi ya taratibu. Na Mwazye wakubwa hawana idadi. Nilipiga hesabu ya makofi ya siku kumi, nikaziona zile nyuzi zikifumuka moja moja. Nikakimbilia kwa mfawidhi kukiri kwamba nimemharibu mgonjwa.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akamwita Felista. "Hebu nisalimie, mimi ndiye mkweo."

Felista akachuchumaa, akapiga makofi.

"Wewe, shika nyuma ya bega lake. Unasikia nini?"

"Misuli inakaza."

"Viwiko viko wapi?"

"Vimebana mbavuni."

"Sasa unatafuta zoezi gani tena, mwanangu?"

Ndipo nikaelewa. Nyuzi zilizovutika hazirudi kukaza kwa mazoezi, lakini misuli inayozunguka kiungo inaweza kufundishwa kushika zamu. Kitambaa tukakiweka kando. Tukamwagiza kila anaposalimia akutanishe kwanza viganja na kuvibana kwa nguvu, ahesabu mpaka tano, ndipo apige makofi. Baada ya wiki alituletea taarifa.

"Babu mmoja kaniuliza, 'Binti, unanisalimia au unaniombea?'"

Polepole tukaongeza chupa ya maji ya kuinua, kisha mpira wa kuvuta, tukipandisha mkono kidogo kidogo. Tulimfundisha pia kuimbisha mikono ikiwa mbele ya uso, isiende nyuma ya kichwa.

Pasaka tulikwenda Mwazye, mimi na mfawidhi. Ulipofika wimbo wa Utukufu, Felista akainua mkono wa kulia. Mimi nikafumba macho.

Mfawidhi akanifinya. "Fumbua, unapitwa!"

Mkono ulikuwa usawa wa paji la uso, umetulia, na sauti nne zilikuwa zikiufuata. Wimbo ulipofika mwisho, akina mama wakapasua vigelegele. Mimi nilikuwa nalia, nikasingizia moshi wa ubani.

Mwaka huu mfawidhi amestaafu, amerudi kulima ulezi wake. Siku ya kukabidhiana alinipa ufunguo wa kile chumba. Nilikuwa nimeandika hotuba tatu, nikaziacha mfukoni. Nikachuchumaa, nikabana viganja, nikahesabu mpaka tano, nikapiga makofi.

"Wewe bega lako si zima?" akauliza huku akicheka.

"Ni zima, mama. Naogopa tu lisije likalegea."

Siku hizi ufunguo ninao mimi. Nafungua saa kumi na mbili na nusu, asije mtu akakuta mlango umefungwa akadhani amekosea jengo.