Kilo Kumi na Tatu

Mimi siamini mtu kirahisi, na kompyuta ndiyo siiamini kabisa. Kwa hiyo kaka yangu aliponinong'oneza kwamba mkewe anaiba shaba kazini, nilimtazama yeye kwanza.

Wifi yangu anapima shaba chakavu kwenye bohari. Kioo cha mizani kilikufa zamani, basi kaka, ambaye ni fundi wa kompyuta, akaandika programu ya Python ya kusoma uzito kupitia waya. Jumla huonekana ofisini, huku wifi ameshatupa shaba kwenye lundo. Wauzaji wakasema wameleta nyingi, kompyuta ikasema kidogo. Tajiri mwenye bohari akampa wifi mpaka Jumamosi aeleze shaba inakoenda, la sivyo polisi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," kaka akaniambia, akaanza upelelezi. Alipekua mkoba wa mkewe, akachungulia uvunguni, akawauliza majirani nani huja mchana. Wifi aliyaona yote akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamzidishia kaka shaka. Nilikasirika jamani! Nikamwambia hata aliyeandika programu ni binadamu, tena ninayemjua tangu akikojoa kitandani.

Ijumaa nikamburuta hadi bohari, nikapanda mizani mwenyewe. Mwili ninao, sijifichi. Kompyuta ikasema kilo kumi na tatu na pointi mbili.

Tajiri alicheka mpaka akakaa. Kaka hakucheka. Alifungua programu, jasho likimtoka. Mizani huhesabu gramu mia mia, na kila uzito huutuma kwa baiti mbili: ya pili huhesabu hadi 255 tu, ya kwanza husema hesabu hiyo imejaa na kuanza upya mara ngapi. Yeye alikuwa akisoma ya pili peke yake. Programu aliijaribu kwa nyundo na viatu vyake, vitu vyepesi, ikamjibu sawasawa. Kumbe mzigo ukipita kilo ishirini na tano na nusu, hesabu ilirudi sifuri. Akaziunganisha baiti zote mbili, nikapanda tena: tisini kamili.

Tajiri akamwomba wifi radhi palepale. Kaka naye akakimbilia kumweleza mkewe, uso umemchangamka, kwamba kosa lilikuwa dogo, mstari mmoja tu.

Wifi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi ulinipekua kwanza," alisema. "Programu yako umeipekua leo."

Wifi akavaa glavu zake, akarudi kupima shaba.