Hodi Kwenye Wodi Tupu

Mlinzi wa ile hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyofungwa zamani, hufungua kila chumba kwa adabu ya mgeni. Hubisha hodi mara tatu, hungoja kidogo, ndipo huzungusha ufunguo. Ladan, binti wa mtaa wa Bordesley Green aliyetumwa na wajenzi kupima nyua na vyumba, alimfuata asubuhi nzima kwenye korido za matofali mekundu, madirisha yakiwa juu mno, huoni ila mbingu. Kwenye mlango wa ishirini uvumilivu ukamwisha.

“Mzee, unampigia nani hodi? Humu hamna hata panya.”

Mlinzi aliupapasa mlango, ambao kwa ndani hauna kitasa.

“Dada yangu alikaa humu miaka tisa,” akasema. “Kila mtu aliingia tu bila kubisha. Hata mimi.”